Shahidi Alikuwa Amesimama Wapi?

Jaji wa mashindano ya utafiti wa historia aliinama mbele ya bango la wanafunzi wetu, akasoma, kisha akaweka kidole kwenye mistari miwili. "Hapa mzee mmoja anasema wafungwa walikuwa wakitolewa asubuhi kwenda kufanya kazi mjini. Hapa chini bibi mmoja anasema hakuwahi kumwona mfungwa hata siku moja. Sasa jibu ni lipi?"

Wasichana wawili na mvulana mmoja wa kidato cha tatu wakatazamana. Mmoja wao, yule mwenye sauti ndogo kuliko wenzake, akasema: "Yote mawili ni kweli." Jaji akatabasamu kwa upole, akaandika kwenye karatasi yake, akahamia bango la jirani. Karatasi ya maoni iliporudi ilikuwa na sentensi moja iliyowaumiza watoto wale kuliko nafasi waliyopata: ushahidi unapingana na wanafunzi hawakufikia hitimisho.

Nimekaa na sentensi hiyo tangu mwaka jana. Mimi si mwalimu wa shule ile. Niliitwa niwasaidie kwa kuwa ni mzaliwa wa mtaa wa Langoni, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya simulizi za wazee wa mji wetu wa Lamu. Nafasi waliyopata haina uzito kwangu, na jaji yule simlaumu: alikuwa na mabango mengi na dakika chache. Lakini naamini alichokiona kuwa kasoro ndicho kilichokuwa kitu bora kabisa katika ukumbi ule, na kama hatutajifunza kukitambua, haya mashindano ya utafiti wa historia tunayoyashabikia yatakuwa mtihani mwingine tu, wenye mabango ya rangi.

Nianze walikoanzia wao. Waliponijia walitaka kuandika juu ya Ngome. Kila mtoto wa Lamu anayeambiwa "historia" huanzia hapo, na si ajabu, kwani jengo lenyewe limesimama katikati ya mji na hakuna njia ya kulikwepa. Tayari walikuwa na kurasa nne: vita vya Shela, Wapate na Wamazrui wa Mombasa walivyoshindwa kule mchangani, watu wa Lamu walivyoomba ulinzi wa Busaidi, watawala wa Omani, ujenzi ulioanza kama mwaka 1813 na kumalizika 1821. Hakukuwa na kosa. Pia hakukuwa na neno hata moja ambalo mgeni aliyeteremka gatini asubuhi asingeweza kulipata kabla ya adhuhuri.

Nikawauliza: katika miaka yote ya Ngome hii, ni ipi ambayo mashahidi wake bado wapo hai? Wakafikiri sana. Hatimaye mvulana akasema, "Ilipokuwa jela." Naam. Ngome ilikuwa jela kuanzia mwaka 1910 mpaka 1984. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka ule wa mwisho sasa ana sitini na kidogo, na wako wengi wakubwa kuliko yeye. Miaka sabini na minne ya jela katikati ya mji, mbele ya uwanja wa Mkunguni ambapo watu huuza, hununua, hupumzika na kupeana habari. Mji uliishije na jela mlangoni mwake? Hilo halikuwa kwenye kurasa zao nne, na sidhani lipo kwenye kitabu chochote cha shule.

Wakaenda kuuliza. Mzee mmoja, fundi wa mashua aliyestaafu, aliwaambia alivyokuwa akiwaona wafungwa asubuhi wakipita na askari, naye mtoto mdogo ametumwa mkate. Aliwaonyesha hata upande waliokuwa wakipita. Siku ya pili wakaenda kwa bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani, mwenye umri wa kumzidi mzee yule kidogo. Akawakaribisha: "Ndooni wanangu, ketini." Walipomuuliza juu ya wafungwa akatikisa kichwa. "Mato yangu hayakuwaona. Watu wakisema wapo, nami nikisikia, lakini sikuona mtu."

Watoto walirudi kwangu wamevunjika moyo. Walidhani mmoja wa wazee wao ama amesahau ama anadanganya, na wote wawili ni watu wa kuheshimiwa, huwezi kumrudia mtu mzima kumwambia mwenzako amesema kinyume. Nikawaambia waache swali la nani mkweli, waulize kila shahidi alikuwa amesimama wapi. Ndipo yule msichana mwenye sauti ndogo akagundua mwenyewe, bila mimi kumsaidia. Bibi alikuwa binti wa nyumba ya mawe, wa ukoo wa kiungwana, wakati binti akishavunja ungo alikuwa anatawa. Mchana hatoki nde. Akitoka ni usiku, amejifunika, na watu wake. Mvulana wa umri wake alitumwa mkate, akapita uwanjani na kuona kila kitu. Yeye aliuona mji kwa masikio.

Kwa hiyo yote mawili yalikuwa kweli, na tofauti yake ndiyo ilikuwa habari. Jela ilikaa katikati ya mji kwa zaidi ya miongo saba, na wanawake wa nyumba fulani walioishi umbali wa kutupa jiwe hawakuwahi kumwona mfungwa. Hilo linakueleza jela, linakueleza utawa, na linakueleza kwamba uwanja ule tunaouita wa watu wote haukuwa wa watu wote. Wanafunzi wa miaka kumi na saba waligundua hayo kwa kulinganisha maneno ya wazee wawili. Niko tayari kusema kwamba wapo watafiti wenye shahada waliopita Lamu na wasione jambo hilo.

Sasa tuulize kwa nini jaji alitaka jibu moja. Nadhani sababu iko kwenye mtihani. Historia na Serikali tumeisoma kwa mtindo wa "taja sababu tano" na "eleza matokeo sita". Kila hoja ina alama yake kwenye mwongozo wa kusahihishia, na hoja mbili zinazopingana haziwezi zote kupata alama. Mwalimu aliyesahihisha hivyo miaka ishirini hawezi kuivua tabia hiyo mlangoni kwa kuwa tu leo ameitwa jaji. Mwanafunzi naye amejifunza kwamba shaka ni udhaifu wa kufichwa. Mtaala mpya wa umilisi unasema mtoto atafute, aulize, apime mwenyewe, na nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini mtaala unaweza kubadilishwa kwa waraka, ilhali jicho la msahihishaji haliendi haraka hivyo.

Wenzetu waliotangulia waliliona tatizo hili mapema. Marekani, mashindano yanayoitwa National History Day yalianza mjini Cleveland mwaka 1974, wanafunzi 129 tu, yakianzishwa na David Van Tassel, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve aliyechoshwa na historia ya kukariri. Alitazama maonyesho ya sayansi akajiuliza kwa nini mtoto wa historia asipewe nafasi kama hiyo, achague swali lake, aende akafanye kazi, arudi atetee alichokipata. Leo wanafunzi zaidi ya nusu milioni huingia kila mwaka, na kila mmoja huchagua kuandika insha, kutengeneza bango, kuigiza, kupiga filamu au kujenga tovuti. Watu huvutiwa na maigizo na filamu. Mimi nimevutiwa na kitu kisichopigiwa makofi: mshiriki lazima alete orodha ya vyanzo vyake, atenge vile vya watu walioshuhudia na vile vya waliosimulia baadaye, na aeleze kila chanzo kilimsaidia nini. Lazima pia aandike jinsi alivyofanya utafiti wake. Mtoto anayeelezea safari yake ya utafiti atalazimika kueleza pia alipokwama, na alipokwama ndipo penye elimu.

Ujerumani walitangulia kwa mwaka mmoja. Mwaka 1973 Rais Gustav Heinemann, pamoja na Kurt Körber, mwenye viwanda wa Hamburg, walianzisha mashindano ya historia ya wanafunzi, na hayo yana kisa ambacho kila mwalimu wa Pwani angefaa kukijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 msichana wa mji mdogo wa Passau, Anna Rosmus, aliingia na mada ya maisha ya mji wake wakati wa utawala wa Hitler. Alikuwa amekua akisikia kwamba mji wake ulisimama imara dhidi ya maovu yale. Alidhani atakwenda kuandika sifa. Alipoanza kuuliza, milango ikafungwa, majalada yakawa hayaonekani, na watu aliowaheshimu wakageuka. Alikwenda mpaka mahakamani ili aruhusiwe kusoma nyaraka. Alitishwa. Baadaye alihamia Marekani.

Kisa hicho sikisimulii ili kuwatisha wazazi. Ninakileta kwa sababu kinaonyesha utafiti wa kweli unavyoanza: Rosmus alianza kwa kuupenda mji wake. Na sisi tunaupenda mji wetu mno. Lamu tumezoea kushindana, Mkomani na Langoni, mashua kwa mashua, punda kwa punda, ngoma kwa ngoma siku za Maulidi, na kila upande una watu wa kuusifu na kuupandisha. Ni tabia nzuri iliyotupa mashairi na furaha. Lakini ikiingia kwenye utafiti itaharibu, kwa kuwa mtoto ataandika kinachoupandisha mtaa wake na kuacha kinachoushusha, na atadhani ndivyo inavyotakiwa. Nimeona mabango yenye kichwa kinachoanza na "utukufu" kabla mwandishi hajaulizwa swali lolote. Ukishaanza na utukufu, utafiti umekwisha.

Nitoe mfano mkubwa zaidi, nao uko kisiwani kwetu cha pili. Pate tuna tarekhe yake, simulizi ya wafalme wa Nabahani tangu miaka ya 1200 mpaka karne ya 19. Inasemekana kitabu chenyewe kilipotea mwaka 1890 Waingereza walipoushambulia mji wa Witu. Tunachokisoma leo ni nakala zilizoandikwa baadaye, nyingi zikitokana na mzee mmoja wa ukoo ule ule wa Nabahani, Bwana Kitini, aliyeyahifadhi na kuyasimulia. Nakala hizo hazifanani. Majina ya wafalme yanapishana, miaka inapishana, na matukio mengine yapo kwenye nakala moja na hayapo kwenye nyingine. Mwaka 1969 Neville Chittick, mtaalamu wa akiolojia, aliandika kwamba sehemu za mwanzo za tarekhe haziaminiki na kwamba Pate haukuwa mji wa maana katika karne zile za kale. Wengi walikubali. Kisha Thomas Wilson na Athman Lali Omar wakachimba tena Pate, na mwaka 1997 wakachapisha matokeo: chini ya ardhi mlikuwa na tabaka za makazi za kale kuliko alivyodhani Chittick.

Je, Bwana Kitini alishinda na Chittick akashindwa? Hapana, si rahisi hivyo. Ukale wa makazi hauthibitishi orodha ya wafalme. Alichosema mzee kuhusu ukale wa mji kimepata nguvu, alichosema kuhusu nani alitawala mwaka gani bado kinahitaji kupimwa, na shaka ya Chittick ilikuwa na faida kwa sababu iliwalazimisha wengine wachimbe vizuri zaidi. Mpe mwanafunzi wa Faza au Siyu, miji ya kisiwa hicho hicho cha Pate, kisa hiki, mwambie alete nakala mbili za tarekhe azilinganishe ukurasa kwa ukurasa, na utakuwa umempa darasa la historia ambalo hakuna mtihani wa kutaja sababu tano unaoweza kulitoa. Lakini yule jaji wetu angemuuliza: sasa jibu ni lipi?

Hata majirani zetu wa Malindi wana swali kama hilo, tena limekaa kwenye vichwa vya watu kama jibu. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498 na kupewa mwongozaji wa kumvusha hadi Calicut, India. Wengi tumekua tukiambiwa mwongozaji huyo ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Kiarabu. Jina hilo linatoka kwa Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika Makka miongo mingi baadaye. Waandishi wa Kireno walimtaja mtu wa Gujarat, na wataalamu wengi siku hizi hawakubali kwamba alikuwa Ibn Majid. Mtoto wa Malindi anayeliweka hili kwenye bango lake, akaonyesha nani alisema nini, lini, na alikuwa umbali gani na tukio, amefanya kazi kubwa kuliko anayechora jahazi zuri na kuandika jina la Ibn Majid chini yake.

Sarafu ya Kichina iliyopatikana kisiwa cha Manda mwaka 2013, ya wakati wa mfalme Yongle, nayo ni hivyo hivyo. Inathibitisha kwamba sarafu ilifika. Nani aliileta, na kwa mkono wa wangapi, ni swali jingine, ingawa televisheni hupenda kuruka moja kwa moja kwenye mabaharia wa Kichina na wajukuu wanaosemekana waliwaacha huku kwetu.

Nimefika sasa penye uzito, na sitaki kupapita juu juu. Mtoto wa Pwani akipewa uhuru wa kuuliza, siku moja atauliza juu ya utumwa. Ataulizaje asiulize? Amesoma kwamba utumwa ulipigwa marufuku katika ukanda wetu mwaka 1907 na kwamba serikali ya kikoloni iliwalipa fidia wenye watumwa. Hiyo ni juzi. Bibi wa bibi yake alikuwapo. Ataona pia kwamba mambo mazuri tunayoyaonyesha wageni yamebebwa na mikono ambayo hatuitaji. Lile shiraa, hema la kitambaa ambalo zamani wanawake wa kiungwana walitembea ndani yake wasionekane, lilishikwa nguzo zake na watumwa. Utawa wenyewe uliwezekana kwa sababu kulikuwa na mwingine wa kutoka. Yule bibi hakuwaona wafungwa kwa kuwa alikuwa ndani, na katika vizazi vilivyomtangulia, aliyetumwa sokoni kwa niaba ya mwanamke kama yeye hakuwa na hiari ya kukataa. Uzi ni mmoja, na watoto werevu watauvuta.

Najua wanayosema wazee: hayo yaache, yatavunja nyumba. Siwabezi. Mji wetu ni mdogo, watu wameoana, na jina la ukoo linaweza kuwa jeraha. Sikubaliani na mwalimu anayemtuma mtoto wa miaka kumi na tano akabishe hodi aulize nani alikuwa mtumwa wa nani. Huo ni ukosefu wa adabu, na utafiti usio na adabu hapa kwetu haupati kitu, maana mlango ukishafungwa kwa mmoja umefungwa kwa wote. Lakini sikubaliani pia na kulifuta swali. Kuna njia. Mtoto aanze na nyaraka kabla ya watu. Asome sheria ya 1907, asome habari za makazi ya watoro kama Fuladoyo, nyuma ya Malindi, ambako waliotoroka walijijengea maisha yao wenyewe, na hapo ataona kwamba hadithi hii ina watu waliokataa, si wateswa peke yao. Akishajua anachouliza, ndipo akae na mtu mzima wa nyumba yake mwenyewe, kwa idhini, na jina lisiandikwe kama mwenyewe hataki.

Watoto wetu wa Ngome walifanya hivyo kwa bibi. Waliahidi hawataandika jina lake, na hawakuliandika.

Nyaraka nimezitaja kana kwamba ziko karibu. Haziko. Ripoti za maofisa wa kikoloni wa wilaya yetu zimehifadhiwa Nairobi, kwenye Nyaraka za Taifa, katika majalada yenye alama DC/LAM. Mtoto wa Kiunga au Kizingitini anayetaka kusoma kilichoandikwa juu ya kijiji chake itabidi apande boti, kisha basi kutoka gati la Mokowe, bara, na huko apate pa kulala. Mtoto wa Nairobi anapanda matatu. Wote wawili wanapimwa kwa karatasi moja ya alama. Kama kaunti inaweza kugharimia vijana kwenda kucheza mpira kaunti nyingine, inaweza kulipia nakala za majalada ya Lamu zikawekwa kwenye maktaba iliyomo ndani ya Ngome ile ile. Hii ni gharama ya mara moja, na itawafaa watoto kwa miaka mingi.

Na bado wana utajiri wasioujua. Karibu kila mtoto wa Lamu amepita chuoni, yaani madrasa, amefundishwa herufi za Kiarabu tangu hajajua kufunga viatu. Tendi zetu za kale, barua za wafanyabiashara, wasia na hati za nyumba viliandikwa kwa Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Mwanafunzi wa ng'ambo anayetaka kusomea mambo haya huanza kwa kujifunza lugha, kisha hati, na miaka inakwenda. Mtoto wetu ana vyote viwili na hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni silaha. Kweli atahitaji kufundishwa kidogo, kwa kuwa hati ile ya zamani mara nyingi haitenganishi p na b, na nazali, zile sauti za puani kama m na n, huachwa, na inabidi ujue neno ili ulisome. Ni kazi ya muhula mmoja, si zaidi. Msikiti wa Riyadha una miswada ya kale ambayo tayari imepigwa picha na kuhifadhiwa kidijitali kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza. Mtu aliyeko London anaweza kuifungua. Sijaona bado mradi wa shule ya Lamu ulioitumia, na hilo linaniuma.

Linaloniuma zaidi ni lugha. Historia inafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo bango liliandikwa kwa Kiingereza, na watoto wakalazimika kuyatia maneno ya wazee kwenye lugha ambayo wazee wenyewe hawaisemi. Mzee alisema kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, bibi alisema kwa Kiamu, na mwisho wake bango likamnukuu bibi akisema kwamba alifungiwa ndani. Ile aya ndogo iliyoeleza kwa nini ushahidi wa wawili wale umetofautiana ilikuwa pale pale chini, kwa herufi ndogo, imebanwa kwenye sentensi mbili za Kiingereza cha shule. Naamini kabisa kwamba kama yule msichana angeruhusiwa kumjibu jaji kwa Kiswahili angemweleza utawa kwa dakika moja, na jaji, ambaye ni mtu wa Pwani kama sisi, angeelewa kabla hajamaliza. Badala yake alisema maneno matatu ya Kiingereza akanyamaza. Hakushindwa na historia.

Kwa hiyo ninachowaomba wanaoandaa mashindano haya ni mambo yaliyo mikononi mwao. Karatasi ya majaji iwe na sehemu ya alama, tena kubwa, kwa mwanafunzi aliyekutana na ushahidi unaopingana akaeleza chanzo cha tofauti. Mtoto aruhusiwe kutetea kazi yake kwa lugha ya mashahidi wake, na maneno yao yaandikwe kwanza yalivyotoka kinywani, tafsiri ifuate. Jaji apewe dakika kumi kwa kila kundi hata kama itabidi mabango yapunguzwe nusu. Na kazi zikishapimwa zisirudishwe zikaoze stoo. Nakala moja ibaki maktaba, nyingine ipelekwe kwa yule aliyesimulia, asomewe, aseme kama ndivyo alivyosema. Wazazi nao wasiwasaidie watoto mno, kwani bango lililotengenezwa na mjomba wa chuo kikuu, au lililokopwa zima zima kwenye intaneti, linajulikana kwa swali moja tu: "Hili ulilipata kwa nani?"

Lile la kumrudia msimulizi nimelisema la mwisho kwa sababu. Baada ya matokeo wanafunzi wetu walitaka kuacha. Nikawaomba wamalize jambo moja tu: wampelekee bibi alichosema, kwa Kiswahili, wamsomee. Kabla ya kwenda walipanda, kwa ruhusa ya wenyewe, kwenye dari ya nyumba aliyokulia. Kutoka pale waliona ukingo wa juu wa Ngome na anga. Uwanja hauonekani kabisa, wala njia aliyoitaja mzee. Wakaichora ramani yao kwa penseli, wakaweka alama mbili, mahali pa mzee na mahali pa bibi.

Bibi akawasikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Aliposomewa mstari wa "nilifungiwa ndani" akawasimamisha. "Hakuna aliyenifungia, mwanangu. Andika nilitawa."

Wakafuta, wakaandika nilitawa. Walipokuwa njiani kurudi, yule msichana akafungua daftari tena, na pembeni mwa neno lile akaongeza swali la mwaka huu: alitaka, au alitakiwa?